Maksai Hawasihiwi kwa Simu

Mioyo ilikuwa mingi kuliko wakazi wa kisiwa, lakini maksai hakuonekana hata mmoja.

Marisel Huenchur alikuwa mlangoni kwa mama yake tangu kulipopambazuka, aproni kiunoni, viazi vimemenywa, chicha, yaani pombe ya tufaha, imetolewa stoo na kuwekwa kivulini. Madirisha ya nyumba yalikuwa yameshang'olewa yasije yakavunjika njiani. Kilichobaki ni watu kuja na wanyama wao, waifunge nyumba minyororo na kuivuta kutoka ukingoni, pale ambapo bahari ilikuwa inaumega udongo kila msimu wa dhoruba, waipandishe hadi uwanja ulio nyuma ya kanisa. Kisiwani kwetu Auchil nyumba ni za mbao, na iliyo mahali pabaya haibomolewi. Inahamishwa nzima nzima, na wahamishaji ni majirani. Kazi hiyo tunaiita minga, na ujira wake ni kula, kunywa, na kujua kwamba kesho na wewe utaitwa.

Alikuwa ametangaza kwenye kundi la kisiwa mtandaoni, kundi ambalo msimamizi wake ni yeye mwenyewe. "Jumamosi tunaivuta nyumba ya Mama. Karibuni nyote." Watu wakamwaga alama za mioyo. Waliohamia Punta Arenas walituma mioyo, walioko Puerto Montt walituma vikatuni vya ng'ombe wanaopiga makofi. Zunilda wa dukani, ambaye angeweza kuitikia kwa kufungua dirisha tu, aliandika, "Hongera, shoga, tuko pamoja."

Jua lilipanda. Aliyekuwa amefika ni mbwa wa jirani, naye alifuata harufu ya nyama.

"Uliwasihi?" aliuliza mama yake. Bi Bernarda alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha jikoni, fimbo mapajani, akiitazama njia tupu.

"Niliwatangazia, Mama. Wote wameona."

"Sikuuliza kama wameona. Ulikwenda kwa mtu, ukasimama jikoni kwake, ukamwambia nimekuja kukusihi?"

"Siku hizi mambo ni kwa simu."

"Maksai hawasihiwi kwa simu," Bi Bernarda alisema. "Watu wamedhani unawaonyesha picha. Hata kuomba hujui, Marisel, na mimi nimekaa hapa nimechana nywele."

Marisel aliona aibu, ingawa hiyo ilikuwa bado aibu ndogo, ya mtu aliyepika chakula kikakosa mlaji. Kubwa ilikuwa njiani inakuja. Kwetu desturi ni kwamba mwenye nyumba huenda mlango kwa mlango. Anasimama, anasema, "Nimekuja kukusihi," na anayesihiwa hujibu, "Nitakuja, Mungu akipenda." Hakuna jibu jingine. Kumkatalia mtu aliyekuja kukusihi ni jambo ambalo wajukuu wako watasimangwa nalo. Ndiyo maana minga haiombwi ovyo, wala haiombwi kwa kidole.

Basi kesho yake Marisel alivaa buti akaanza kuzunguka. Alianza kwa Rosamel Cárcamo, mzee mwenye sauti ya tarumbeta ambaye ndiye huongoza kila nyumba inayovutwa kisiwani.

"Nilikubofyia moyo nikakaa kusubiri," Rosamel alisema akicheka. "Nikamwambia mke wangu, huyu binti atakuja tu, moyo hauvuti gogo. Nitakuja, Mungu akipenda. Kwa Otilia umeshafika?"

"Bado."

"Usichelewe. Ule mpando wa kanisani bila maksai wake, Klaveli na Lusero, hatuuwezi. Wengine watafika katikati waanze kula majani."

Akenda kwa wengine. Kila aliposimama alipewa "Nitakuja," na kila alipogeuka aliulizwa kama ameshafika kwa Otilia. Zunilda alimwuliza dukani, mbele ya watu. Hata padri alimwuliza. Marisel alijibu bado, bado, bado, na kila bado ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Alikwenda hadi kwa watu wasio na ng'ombe, wenye kuku tu, ili siku imwishie kabla hajaufikia mlango mmoja.

Sababu yake hii hapa. Wazee wetu walikuwa wakisema yuko mnyama aitwaye Basilisko, nusu jogoo nusu nyoka, ambaye huishi chini ya sakafu ya nyumba. Usiku hutoka akawanyonya pumzi waliolala, wakakonda wasijue nani anawamaliza. Kwenye kundi la kisiwa palikuwa na akaunti ya jina hilo, na kila mtu aliifahamu kama anavyoifahamu kengele ya kanisa. Basilisko aliwachapa madiwani kwa maneno pale kivuko kilipoharibika, watu wakafurahi. Akamtania padri kwa mahubiri marefu, wakafurahi zaidi. Kisha madiwani wakaisha na kivuko kikatengenezwa, naye Basilisko alikuwa ameshazoea kuchekewa. Akaanza kutafuta cha kutafuna.

Basilisko alikuwa ni Marisel. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema waliosema. Juu kabisa ya kundi alikuwa amebandika sheria kwa jina lake halisi: tusitukanane, tusimdhihaki mtu kwa msiba wake, tukumbuke kwamba tutakutana kivukoni. Maneno mazuri, na aliyaandika kwa moyo safi. Halafu akishaosha vyombo alibadilisha akaunti.

Mwaka uliopita Otilia Guineo, ambaye mumewe Clodomiro alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu, alijipiga video akiwa shambani na maksai wake. Clodomiro alikuwa na kawaida ya kuwaimbia wakivuta, na wanyama wale hawakujua kuvuta kwa namna nyingine, kwa hiyo mjane naye ilimbidi aimbe. Alikuwa akiimba huku analia, hajui hili wala lile. Alitaka kuirusha kwa binti yake aliye Punta Arenas. Kwa kutojua simu akairusha kwenye kundi zima. Basilisko akaidaka. Akaikata pale kilio kilipokuwa kikali, akaandika juu yake: "Mjane wetu kapata wachumba wawili, tena wanene. Harusi lini?"

Kundi halikuwahi kuchangamka vile. Ilitengenezwa stika. Walioko bara, ambao hawajamwona Otilia tangu wakiwa wadogo, waliulizana nani atasimamia harusi. Watoto walimpokea kivukoni kwa mlio wa ng'ombe, naye akaacha kwenda kivukoni, kisha akaacha kwenda dukani, akawa anamwagiza jirani chumvi na sabuni.

Aliwahi kumwandikia msimamizi. "Binti Marisel samahani kwa usumbufu mimi si mtu wa kuandika. Huyo Basilisko naomba mumwondoe hata marehemu wanamchezea." Na msimamizi alijibu kwa adabu: "Pole sana, Bi Otilia. Tunalifuatilia. Kundi letu ni la heshima." Akaweka na ua. Alipokuwa anaweka lile ua Marisel alijiambia kwamba yatapita tu, watu watachoka. Akafuta maoni machache ya wengine. Ya Basilisko aliyaacha, kwa kuwa yalikuwa yanachekesha kweli.

Sasa alikuwa amesimama kwenye lango la Otilia, na buti zake zilikuwa zimegoma kama punda.

"Ingia, mwanangu, mlango haung'ati," Otilia alisema kutoka ndani. "Rosamel alinipa habari kwamba unazunguka. Nikasema, mbona mimi ananipita?"

Jikoni kulikuwa na joto la kuni. Otilia alikuwa amekonda. Marisel aliiona mifupa ya mabega yake chini ya sweta na akatamani kuyang'oa macho yake ayaweke mfukoni. Mwenyeji alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa mrija, akanyonya wa kwanza kama ilivyo desturi, akamimina tena akampa mgeni mrija uleule.

"Kunywa, mikono yako imekufa baridi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Ukingo unamtisha. Usiku anasikia udongo unaanguka."

"Bernarda alinishonea gauni la harusi," Otilia alisema. "Nyumba ile haitaanguka na mimi nipo. Itakuwa kazi ya mwisho ya Klaveli na Lusero. Nimepata mnunuzi kutoka mjini Castro."

"Unawauza?"

"Nitafanyaje? Klaveli asipoimbiwa hasogei. Nikiimba, watu wanatoa simu. Ng'ombe gani huyo wa kumfugia ndani?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Lakini wewe sikusahau. Kisiwa kizima, ni wewe tu uliyenijibu vizuri wakati ule. Mpaka ua uliniwekea. Niliwaambia hata kina Zunilda, yule binti wa Bernarda ana malezi."

Marisel aliutoa mrija mdomoni. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, mawili tu, na baada yake angepewa jibu ambalo halina budi kutolewa. Hapo ndipo alipouona ubaya wote wa safari yake. Mwanamke huyu hakuwa na uwezo wa kumkatalia. Angemsihi, angekuja, angeimba mbele ya simu za watu, kisha angewauza wanyama wa mumewe, na mwishoni angemshukuru tena kwa lile ua. Marisel aliona haya mpaka masikio yakawa yanavuma. Na hapohapo alimwona mama yake kitandani, akisikiliza udongo.

Akaweka kibuyu mezani.

"Bi Otilia, kabla sijasema nililokuja kusema. Nataka uwe na nafasi ya kunifukuza."

"Kwa nini nikufukuze?"

"Basilisko ni mimi."

Otilia hakushtuka. Aliendelea kumtazama kama anayesubiri mtu amalize sentensi, kisha akaelewa kwamba imeisha. Alikichukua kibuyu, akamimina majani yote kwenye ndoo ya taka, ingawa yalikuwa bado mapya.

"Ile ya wachumba uliandika wewe?"

"Mimi."

"Ulicheka?"

Marisel angeweza kudanganya, na kwa muda alitafuta uongo unaofaa. "Nilicheka," alisema.

"Na watu, au peke yako?"

"Peke yangu. Jikoni."

"Mimi nilidhani ni wengi," Otilia alisema taratibu. "Nilikuwa nikienda kanisani nawatazama mmoja mmoja. Nasema ni huyu. Hapana, ni yule. Rosamel nilimshuku, nikaacha kumwamkia. Zunilda nilimshuku, ndiyo maana siendi dukani. Mtoto wa dada yangu nilimfukuza hapa, Marisel, alikuja na mkate nikamwambia arudi nao. Nimemshuku kila mtu isipokuwa wewe."

Marisel alilia. Hakulia kwa uzuri. Alilia kwa kamasi, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Otilia hakumpa kitambaa.

"Usinililie hapa," alisema. "Mimi nililia shambani kwangu na ukajua la kufanya. Nenda."

"Sijakusihi, Bi Otilia. Sitakusihi."

"Nimesikia. Funga lango, kuku wanatoka."

Nyumbani alimweleza mama yake yote, amesimama. Bi Bernarda alikuwa akifuta meza, na aliendelea kuifuta muda mrefu baada ya kutakata.

"Basilisko yumo jikoni kwangu," alisema hatimaye, "na mimi nampikia." Siku ile alikula mgongo ukiwa umemwelekea bintiye.

Jioni ileile Marisel aliandika kwenye kundi kwa jina lake. Aliandika kwamba Basilisko ni yeye, kwamba aliyemdhihaki Bi Otilia ni yeye, kwamba alipolalamikiwa alijibu kwa ua na kuacha uchafu pale pale. Akafuta video, akaifunga akaunti, akamkabidhi Zunilda usimamizi. Halafu akaketi kusubiri, na hakusubiri sana. Waliomwita nyoka, mnafiki na mengine yasiyoandikika ni walewale waliouliza nani atasimamia harusi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mmoja aliweka picha ya nyumba ya Bi Bernarda akaandika, "Bahari, fanya kazi yako." Marisel alisoma yote. Kitufe cha kufuta hakuwa nacho tena, na hata angekuwa nacho asingekuwa na uso wa kukitumia.

Asubuhi matusi hayakuwepo. Zunilda alikuwa ameyafuta moja baada ya jingine.

"Usinishukuru," alimwambia Marisel dukani, akimpimia unga bila kumtazama. "Nimekukasirikia mpaka tumbo linaniuma. Lakini sheria uliziandika mwenyewe, na hazikusema isipokuwa Marisel. Kitu kingine?"

Siku ilipofika watu walikuja kwa ajili ya minga, kwa sababu walikuwa wameshasihiwa na kwa sababu nyumba ilikuwa ya Bernarda. Walimpita Marisel bila kumtania, na kisiwani kwetu asiyetaniwa ameshahesabiwa pamoja na marehemu. Waliinyanyua nyumba, wakapitisha magogo chini, wakafunga minyororo. Rosamel akapiga ukelele, maksai wakainamisha shingo, na nyumba ikaondoka ukingoni ikilia kila ubao. Ilivuka uwanda vizuri. Ilipofika chini ya mpando wa kanisani ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Wanaume waliikimbilia na vigingi. Bi Bernarda aliziba macho.

Otilia alikuja kwa njia ya juu, kati ya Klaveli na Lusero, fimbo begani. Kelele zote zilikatika.

"Mimi sikusihiwa na mtu," alimwambia Rosamel kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Kwa hiyo jueni kwamba ningeweza kubaki nyumbani. Wafunge mbele."

Waliwafunga mbele. Klaveli alisimama kama nguzo. Otilia alitazama umati, na Marisel alijua anatazama nini: mikono ya watu.

"Simu mifukoni," Rosamel alisema. "Na mwenye mfuko uliotoboka aishike kwa meno."

Otilia aliimba. Sauti ilianza nyembamba, ikapasuka katikati, akaianza upya. Klaveli alitikisa sikio, akaweka bega, na Lusero akamfuata. Minyororo ilikazika. Nyumba ilipanda mlima ikiyumba, na waliokuwa wakisukuma nyuma walikuwa wanalia na kuvuta makamasi, wakisingizia vumbi ilhali kulikuwa na matope. Marisel alisukuma pamoja nao, uso umegusa mbao. Hakuna aliyecheka.

Baadaye walifukua shimo la curanto, chakula kinachoivishwa ardhini kwa mawe ya moto, mvuke wa chaza na nyama ukajaa uwanjani, chicha ikazunguka. Ndipo Rosamel, ambaye ulimi wake haukuwahi kutulia kinywani hata siku ya mazishi, akanyoosha kidole kule ukingoni nyumba ilikotoka, mahali ambapo palibaki mawe na udongo mkavu.

"Jamani, tumekagua kule chini? Isije ikawa Basilisko tumemwacha."

Otilia alikuwa anamenya kiazi.

"Hamjamwacha," alisema. "Yule pale anagawa mkate."

Kicheko kilipasuka uwanja mzima. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha watu waliokibana tangu asubuhi, na chote kilikuwa cha Marisel. Alisimama na kikapu mkononi, masikio yanawaka, hana pa kujificha, wala hakutafuta. Aliona kwamba Bi Bernarda anacheka. Otilia peke yake hakucheka. Alimaliza kiazi chake, akajifuta mikono, akasimama, akaja moja kwa moja mpaka mbele ya kikapu.

"Mnunuzi wa Castro nimemwambia asubiri," alisema.

"Nashukuru kusikia, Bi Otilia."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Basi vizuri kwamba unajua." Akanyoosha sweta, akasimama wima kama anayesimama jikoni kwa mtu. "Marisel, binti ya Bernarda. Nimekuja kukusihi."

Waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Jumamosi ijayo natoa viazi shambani," Otilia alisema. "Nahitaji mtu wa kutangulia mbele ya maksai. Utatembea mbele, utawaimbia, uimbe wimbo mzima. Mimi nitashika simu."

Marisel aliangalia chini, kwenye matope, kwenye buti za Otilia zilizokuwa zimepasuka vidoleni. Alifikiria kundi lote, Punta Arenas na Puerto Montt, na kidole cha kila mtu.

"Sauti yangu ni mbaya," alisema.

"Nimeshakusikia kanisani. Jibu."

"Nitakuja," Marisel alisema, "Mungu akipenda."

Otilia akachukua mkate kikapuni, akaukata vipande viwili, akaenda kuwapa maksai.